Mkono Wangu wa Kushoto Haukumjua

Jumapili, Julai. Baridi ya Kabiria imekaza na jua limekataa kazi. Nimekaa hapa saiba, mbele ya kompyuta ya kukodi, nikidonoa herufi kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulistaafu mwaka jana, siku ya kiharusi, bila hata kuniuliza mwenyewe.

Leo binti yangu Wanjiru alikuja kuniaga. Bwana yake amepata kazi Kitale, kesho wanahama. Alikuja na kitoto chake, Karanja mdogo. Amepewa jina langu, kwa hivyo mamake humwita baba, na mimi huitika makusudi.

"Baba, umekojoa tena?"

"Bado, lakini siko mbali."

Nilitaka kitu kimoja tu: nimpakate wajina wangu kabla hajaenda. Sijawahi, tangu azaliwe.

Wakamweka kulia, kwenye mkono mzima. Akalia kama kuku aliyeona kisu.

"Mzee, mtoto hubebwa kushoto," akasema Mama Nafula, jirani yangu, aliyekuja kumuaga Wanjiru. "Huko ndiko moyo uko. Anataka kuusikia."

Nikambishia. Mimi husema wanawake huweka mtoto kushoto ndiyo mkono wa kulia usonge ugali.

"Na marehemu mama watoto? Si alikuwa anasonga na kushoto?" akauliza Mama Nafula.

Kweli. Alisonga na kushoto, na watoto bado aliwabeba kushoto. Ndiyo maana tulikula ugali wa kuungua miaka hiyo yote.

"Umekuja kuaga ama kunihukumu?" nikamwuliza.

Wanjiru akatoa leso, akanifunga mtoto kushoto pamoja na ule mkono wangu, kama mzigo wa sukuma wiki. Karanja akalaza sikio kifuani. Akanyamaza. Akalala. Wakacheka, nikacheka.

Lakini mkono haukujua.

Nilikiona kichwa chake kimelala hapo juu ya mkono wangu, mate yakichuruzika kwenye sweta. Sikusikia uzito wala unyevu. Wangenibadilishia mtoto kwa pakiti ya unga, mkono ungeshukuru vilevile. Kifua tu ndicho kilipata joto kidogo, nacho hicho si cha kutegemewa sana siku hizi.

Wakamfungua, wakaenda. Sikumwambia Wanjiru. Angelia, na yeye akilia hufanana na mamake.

Hata sasa naacha kuandika, nagusa ile sweta kwa mkono wa kulia. Bado ina unyevu.

Kesho itakuwa imekauka. Nitauliza nani kama nilimbeba?