Saa Nne kwa Ndege

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha cherehani.
Jumanne.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na mtoto, kile kikohozi kimemwachia? Mimi mzima, ila mgongo wanisumbua kwa kuinamia cherehani. Sare za shule zimejaa mpaka kitandani.

Mama mwili haujambo, macho ndiyo taabu. La kushoto lilishakwenda, na daktari anasema la kulia nalo halitamaliza mwaka. Hilo nilikueleza, ukasema pole.

Sasa nikwambie ulichofanya Jumamosi, maana najua hujui. Mimi nilikuwa kwa mteja, maneno haya amenisimulia Mama. Alikuuliza kwenye simu utakuja lini. Ukacheka, ukamwambia utakuja tu, kutoka uwanja wenu hadi wetu si mbali, kilomita elfu tatu, saa nne tu kwa ndege. Tangu uanze kusoma habari redioni hutaki kumsikia mtu akisema "masaa". Siku hiyo ungesema masaa manne kama sisi wengine, ungeniokoa.

Mama alisikia unakuja saa nne.

Jumapili aliniamsha alfajiri nimwogeshe. Akasema unafika leo saa nne, akataka gauni lake la kutokea. Nikafurahi kama mpumbavu, nikakimbia sokoni. Saa nne alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango. Mchana akakataa chakula, eti mtakula pamoja. Nikakupigia, simu umezima.

Nikamwomba Mama arudie ulivyosema, neno kwa neno, ndipo nikaelewa. Ikabidi nimweleze kwamba saa nne ni urefu wa safari, si saa ya kufika. Nilidhani atalia. Akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu yuko karibu hivyo?"

Miaka yote hii alikuwa akikutetea. Jirani akiuliza mbona huonekani, humjibu kwamba uko mbali mno, huko mtu haendi akarudi hivi hivi. Aliamini, nami nikamwacha aamini. Sasa umemnyang'anya hata hilo. Basi la kutoka kwa shangazi linachukua muda mrefu kuliko ndege yako, na shangazi huja kila mwezi na magoti yake mabovu.

Nimekasirika, sikufichi. Kwenye simu ningekutukana, ndiyo maana naandika. Njoo akiwa bado anaona. Usitutajie siku wala saa, wewe njoo tu.

Msalimie wifi, na mtoto mbusu kwa niaba yangu. Shangazi anakusalimu, na fundi viatu wa hapo nje bado anakuulizia. Mungu awalinde nyote, na wewe akuongezee haya kidogo.

Salamu za Mama sina safari hii. Leo asubuhi ulipopiga nikakuambia amelala, hakuwa amelala. Alikuwa ameketi mbele yangu. Nilimnyooshea simu, akakunja mikono.

Ni mimi dada yako, nikupendaye pamoja na hasira zangu.