Cheti cha Emmaculate

Shuleni, karibu na Pap Onditi
Alhamisi, 22 Mei 2025

Kwako Mama,

Hujambo huko Manyatta? Mgongo bado unakusumbua, ama umepunguza kuinamia lile karai la samaki? Mimi niko salama, ila jua limenichoma mpaka pua inabambuka. Barua hii inaletwa na Mama Ikhlas, akishamaliza kushusha vitunguu jikoni kwetu. Mshukuru sana. Simu hapa bado ni kama bangi, ukipatikana nayo unarudishwa nyumbani.

Tumepata kocha mpya wa mpira wa kikapu! Si unamkumbuka Mwalimu Tom? Kazi yake ilikuwa kuturushia mpira, kisha anarudi ofisini kunywa chai, na sisi tunachapwa na kila shule ya Nyakach. Sasa amekuja Kocha Nakhungu, mwanamke wa Webuye, mrefu mpaka mimi namwangalia juu. Wiki mbili za kwanza alificha mipira yote. Ati tukimbie kwanza, tujue kusimama, tujue kuitana majina uwanjani. Wasichana wakanung'unika, "Huyu ametoka jeshini ama?" Jumamosi tukacheza na wale ambao hutupiga kila mwaka. Tukawashinda thelathini na nane kwa ishirini na moja! Mimi peke yangu nilifunga kumi na saba. Mama, nilipiga nduru!

Kitu kimoja tu. Kwa sababu ya huko kuitana, siku nzima nasikia, "Emma! Emma, hapa!" Miaka minne nimeitikia jina la marehemu mdogo wangu darasani na sikujali sana. Uwanjani linanigonga. Sijui kwa nini.

Binti yako


Manyatta
Alhamisi, 29 Mei 2025

Nyara, binti yangu,

Salamu kutoka kwenye moshi. Mgongo ni ule ule, dawa yake ni kupumzika, na samaki hawajikaangi. Wewe unakula? Usije ukakimbia hivyo na tumbo la chai ya rangi.

Kumi na saba! Nimetangazia soko lote. Shantel wa saluni ananiuliza urefu huo ulitoka wapi, nikamwambia miguu ni ya baba yako, Mungu amrehemu, mimi nilichangia mdomo tu.

Hilo jina lisikugonge. Wewe ulizaliwa kwa nyanya yako Nyakach, juu ya mkeka, hakuna aliyekuandikisha popote. Mdogo wako alizaliwa hospitalini, akapata cheti. Malaria ikamchukua, cheti kikabaki. Tulipohamia huku na ukafika darasa la nane, wakasema bila cheti hakuna mtihani. Ningefanya nini, nikae nikuangalie? Nikakupeleka shule mpya na cheti chake, na ndicho kimekufikisha Form Four. Kwa hivyo ukiitwa Emma, itika, kimbia, funga. Jina lako la Perez ni la hapa kwetu nyumbani.

Mama yako


Shuleni
Alhamisi, 12 Juni 2025

Mama,

Umeamkaje? Mvua imewaachia njia ya kupita huko, ama bado mnaruka mitaro? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio sijui.

Tumeshinda kaunti nzima. Wewe! Kocha Nakhungu alilia mbele ya watu, akasema ni vumbi. Sasa tumealikwa Mwanza mwezi wa nane, kombe la wasichana wasiozidi miaka kumi na nane. Watu wa vyuo viwili watakuja kutafuta wachezaji wa kusomesha bure. Kocha ameniita kando akaniambia, "Emmaculate, wewe wakikuona mara moja tu, watakuchukua."

Mama, mimi nina miaka kumi na tisa. Mdogo wangu ndiye angekuwa anatimiza kumi na saba. Hata hii ya kaunti ilikuwa ya umri huo huo, nami nikanyamaza. Sasa kocha anataka vyeti vyenyewe, na karatasi za kuvuka mpaka zitaandikwa kutoka hapo. Wakati wa Mwalimu Tom sikuwa na shida, kwa sababu tulikuwa hatufiki mahali. Huyu ametufanya wazuri, na kadiri tunavyoshinda ndivyo ninavyobanwa.

Jumatatu nilicheza vibaya makusudi. Nilirusha mipira mitano nje. Kocha akanitoa, akaniuliza, "Nani anakusumbua?" Nikasema hakuna. Akasema, "Sawa. Lakini najua mtu anayekosa na mtu anayejikosesha." Nifanye nini? Nikisema, timu inaanguka. Nisiposema, nawadanganya wenzangu mpaka Tanzania.

Binti yako


Manyatta
Alhamisi, 19 Juni 2025

Nyara,

Mimi ni mzima, nawe ukae mzima.

Cheti ndicho hiki, nimekifunga kwa nailoni kisilowe. Karatasi ya ruhusa nimeitia sahihi. Mpe kocha, kisha ufunge mdomo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nimesimama juu ya moto miaka yote hii ili wewe usisimame hapa, leo chuo cha bure kinakuita na unaniletea mambo ya umri! Miaka miwili ni kitu gani? Kuna mtu amekuja kukuuliza? Basi.

Na usiniandikie tena habari za mdogo wako. Nimekuomba.

Mama yako


Shuleni
Alhamisi, 26 Juni 2025

Mama,

Kifua kinaendeleaje? Mama Ikhlas ameniambia unakohoa. Tafadhali tia tangawizi kwenye chai, usijifanye chuma.

Jumanne ilikuwa tarehe ishirini na nne. Wewe unajua ni siku gani. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Kocha ameandika tarehe zetu za kuzaliwa kwenye orodha ya safari, na wasichana wakaiona. Tulipomaliza mazoezi, Waliaula, yule anayecheza nyuma yangu, akaniita kwenye tangi ati nikamsaidie kubeba ndoo. Kufika hapo, wakanimwagia maji, ndoo nne, si unajua desturi ya siku ya kuzaliwa hapa shuleni. Wakacheka, wakaimba, "Emma ametimiza kumi na saba!" Walikuwa wamechanga biskuti wakazipanga juu ya kifuniko cha sufuria. Nilisimama pale nimelowa chepechepe, wanamwimbia mtoto aliye chini ya udongo nyumbani kwa nyanya, na mimi ndiye ninayekula biskuti zake. Nikalia. Wakafikiri ni furaha, wakanikumbatia wote kwa pamoja mpaka nikakosa hewa.

Sitaki tena, Mama. Naomba uende kwa chifu useme Emma alikufa, na mimi niandikwe jina langu. Najua umekataza nisimtaje, na naona haya kukusukuma, wewe ni mzazi wangu. Lakini nitangoja Alhamisi mbili. Usiponijibu, nitamwambia kocha mwenyewe.

Binti yako


Shuleni
Alhamisi, 17 Julai 2025

Mama,

Sijui kama utaisoma hii, lakini salamu kwanza. U hali gani? Mama Ikhlas anasema unafungua kibanda kila siku na huongei na mtu. Alhamisi mbili amekuja na vitunguu tu. Nilimngoja getini mpaka mlinzi akaniuliza kama nimechumbiwa na kitunguu.

Nimemwambia kocha. Ilikuwa Ijumaa, kabla ya mazoezi, alikuwa anajaza mpira kwa pampu. Nilisema yote, mkeka, malaria, cheti. Aliendelea kupiga pampu mpaka mpira ukawa mgumu kabisa, kisha akaketi chini kwenye saruji. Akaniuliza, "Kumbe wewe ni nani?" Nikasema Perez. Akasema, "Perez, ungeniambia mwezi wa tano." Hakupaza sauti. Heri angenifokea.

Siku hiyo hiyo aliwaandikia wasimamizi. Ushindi wetu wa kaunti umefutwa. Mwanza wataenda wale tuliowashinda kwenye fainali. Waliaula alikuwa ameshaazima begi la safari kwa shangazi yake. Sasa nikikaa mezani wanainua sahani zao wanahama. Siwalaumu, hata mimi ningehama.

Mwalimu mkuu naye anasema mtihani wa Form Four umesajiliwa kwa jina la Emmaculate, na hawezi kuniruhusu kuufanya akijua. Perez hayuko kwenye karatasi yoyote ya nchi hii. Emma si mimi, na Perez hayuko. Kila upande nikigeuka ni ukuta. Kocha bado ananitaka uwanjani kila jioni. Ananiweka upande wa kuwazuia wenzangu, nakimbia, naruka, napigwa viwiko, na hakuna anayeniita jina lolote.

Mama, nimekukosea? Niandikie hata mstari mmoja.

Binti yako Perez


Manyatta
Alhamisi, 24 Julai 2025

Nyara Perez,

Nakusalimu nikiwa na aibu. Kikohozi kimeisha. Pole, mwanangu, kwa meza uliyoachiwa peke yako.

Sikukasirika. Niliogopa, na si polisi niliyemwogopa. Tangu uingie shule hiyo, kila muhula ripoti inakuja na jina la mdogo wako. Emmaculate, Form One. Emmaculate, Form Two, amepanda nafasi sita. Nilikuwa naisoma kwa sauti nikiwa peke yangu kibandani. Nilijua alama ni zako na jasho ni lako. Lakini jina lilikuwa linasonga mbele, darasa baada ya darasa, na nikaona kama mtoto wangu anakua. Ningeenda kwa chifu, ningemzika mara ya pili. Kwa hivyo nikakuweka wewe kwenye maisha yake na sikukuuliza kama yanakutosha. Nisamehe.

Jumapili kocha wako alikuja mpaka hapa. Nilidhani amekuja kunitukana, nikashika mwiko wangu vizuri. Akaagiza samaki, akamla amesimama, akasema, "Mama, mashindano ya wakubwa yapo mwaka ujao, hayaulizi habari ya kumi na nane. Namtaka huyu msichana. Lakini siwezi kuandika mchezaji asiye na jina." Akalipa, akaenda zake.

Jumatatu sikufungua kibanda. Nilienda Nyakach kwa chifu. Alinigombeza mbele ya watu wote waliopanga foleni, miaka sita kifo hakijaandikishwa, mimi ni mama wa aina gani! Alikuwa na haki. Anasema cheti chako kinaweza kutoka kabla ya mtihani na kinaweza kisitoke, hawezi kuniahidi. Kisipotoka utarudia mwaka, na mimi nitakaanga samaki mwaka mwingine. Najua hilo ni dogo.

Alijaza karatasi ya Emma kwanza. Siku aliyofariki, ugonjwa, mahali alipozikwa. Niliisoma yote mara mbili ndipo nikatia sahihi. Kisha chifu akachukua karatasi nyingine, akaniuliza, "Una watoto wangapi walio hai?" Miaka yote hii mtu akiniuliza, nasema wawili, mmoja yuko kwa nyanya yake, sisemi ni chini ya udongo. Nikamwambia mmoja. Akaniuliza anaitwa nani, nikalitaja jina lako kwa sauti, hata watu wa foleni wakasikia.

Mama yako