Nilisema "Roja", Rubani Akaingia Mawinguni

Mpendwa Bi Firdausi, nisaidie, maana nimechoka hata kujidanganya. Mimi ni mwongoza ndege, naishi Mbwawa hapa Kibaha, na wakati wa masika rubani mmoja, nimwite Hussen, alikuwa anarudi na ndege ndogo yenye abiria wanne, anaruka kwa kanuni ya macho, yaani mwenyewe ndiye anayeangalia nje na kukwepa mawingu na ndege nyingine, sasa alipofika usawa wa vilima vya Kisarawe hali ya hewa ikafunga, akaomba redioni abadilishiwe aruke kwa vyombo, yaani kwa kusoma mitambo ya ndege bila kuona nje, ambapo hapo ni mimi ninayetakiwa kumtenganisha na wenzake, nikamjibu "Roja", ambayo kwetu maana yake nimekusikia, siyo nimekuruhusu, nilitaka niongeze "subiri" lakini mwenzangu Ipyana akanisemesha nikaachia kitufe cha redio kabla sijalisema, Hussen akajua nimekubali, akaingia mawinguni, na mimi nikiamini bado yuko nje anaona, nikaishusha ndege kubwa iliyokuwa juu yake.

Zilipishana karibu sana, abiria mmoja akaiona dirishani akapiga kelele. Hakuna aliyeumia. Kwenye maelezo yangu kwa wachunguzi niliandika kwamba nilimwambia asubiri, na sauti iliyorekodiwa inakwaruza, haieleweki, basi Hussen akasimamishwa mpaka uchunguzi uishe, na Ipyana ananiambia, "Nyamaza, dada, aliyeingia wingu ni yeye."

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia nikaenda kwao Hussen, Mzenga, nikamkuta anapalilia mihogo na mama yake. Akaniuliza, wala hana hasira, "Hivi dada, uliniambia nisubiri? Kila siku najiuliza masikio yangu yalikuwa wapi."

Nikamwambia, "Nilikuambia."

"Basi kosa ni langu," akasema, na mama yake akanifungia mihogo nikale na mume wangu na wanangu. Tangu hapo chakula hakipandi, na nikisema ukweli kazi naweza kuikosa. Nifanyeje?

Aliyechoka, Mbwawa

Dada wa Mbwawa, pole. Kuachia kitufe kabla ya neno kuisha kungeweza kumtokea yeyote, na Hussen naye hakupaswa kuingia wingu kabla hajasikia ruhusa kamili. Hilo wachunguzi watalipima.

Lakini kule Mzenga hapakuwa na redio ya kukwaruza. Mtu alikuuliza uso kwa uso, ukamdanganya mbele ya mama yake, ukapokea na mihogo. Hilo siwezi kukupambia. Na huyo Ipyana anayekufundisha kunyamaza ndiye aliyekusemesha ukiwa hewani. Unadhani anamlinda nani?

Tena hili si lenu wawili tu. Wachunguzi wakiamini maelezo yako watamwadhibu rubani na kufunga faili, na kesho mwongozaji mwingine atasema roja, aachie kitufe, na safari hiyo ndege zisipishane, zigongane.

Andika maelezo mapya kwa mkono wako: ulichosema, ambacho hukukisema, na aliyekukatiza. Usiombe ruhusa ya Ipyana. Mwambie mumeo kwanza, maana huenda ukasimamishwa na lazima ajue. Mpigie Hussen umweleze, na akikukatia simu usimlaumu. Jumatatu asubuhi peleka barua kwa wachunguzi, wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, kisha omba kutolewa zamu ukapumzike. Mtu aliyechoka kiasi hicho hafai kushika redio.