Duka Limefungwa na Leokadia Yumo Ndani

Nyamigogo, Biharamulo

Mdogo wangu Skolastika,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujaniamkia, maana nikikungoja wewe uanze nitazeeka mara ya pili. Hujambo? Mguu je, bado unavimba ukikaa sana kanisani? Na ile migomba nyuma ya nyumba ya mama, mmeing'oa iliyonyauka au mnaitazama tu kama mnavyotazama kila kitu? Mimi ni mzima. Macho ndiyo yananisumbua, kwa hiyo ukiona mstari umepanda mlima usinicheke. Uliyemaliza darasa la saba ni wewe. Mimi nilitolewa la nne nikalee watoto, na mmoja wa watoto hao ulikuwa wewe.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kihangaza chetu hakuna aliyetufundisha kukiandika. Barua anakuja nayo katekista wetu. Ataiacha stendi ya Ngara kwa bodaboda yeyote wa Mugoma anayekufahamu. Kuhusu kupiga simu, nilipiga, na wewe unajua ulichofanya. Nitafika huko.

Huku mvua ilichelewa, halafu ikaja yote kwa hasira. Viwavi wamekula mahindi ya bondeni, muhogo umesalimika. Mwanangu Deo yuko shambani kutwa, hana neno. Mkewe Yusta ndiye yule yule, Msukuma wangu, mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Majirani ni watu wazuri, Wasubi na Wasukuma, lakini tangu niolewe nikaletwa huku sijapata mwanamke wa kuamkiana naye kwa ile salamu yetu ya kuimba. Unaijua, usijifanye huijui. Mmoja anatangulia, anaulizia nyumba nzima, mtu mmoja mmoja kwa jina, na mwingine anaitikia juu ya pumzi yake mpaka waishe. Mama alitufundisha sote watatu. Wewe uliiacha ukasema ni ya ushamba. Tulibaki mimi na dada yetu Leokadia, yeye akitangulia, mimi nikiitikia.

Unakumbuka nilipokuja Mugoma kwenye ubatizo, na mjukuu wangu Editha, yule mwalimu, akamrekodi Leokadia uani. Wewe ulikuwa pale pembeni unapukuchua maharage. Editha alikuwa amenunua programu kwenye duka la mtandaoni, akaiweka katika simu yangu. Haikuwa ya kurekodi tu. Ilitengenezewa wanakwaya wanaojifunza. Inaimba kipande, inanyamaza, inasikiliza, na mpaka isikie sauti yako ndipo inaendelea. Leokadia aliimba upande wake, wangu ukaachwa wazi. Nikarudi nao huku.

Basi kila asubuhi nilikuwa nakaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, naamkiana na dada yangu. Nikikohoa, ananingoja. Siku moja jogoo aliniwahi kuitikia, Leokadia akaendelea kumuuliza jogoo habari za watoto wake. Nilicheka mpaka nikaumwa ubavu.

Halafu akafa. Nilipotoka kwenye msiba nilikaa siku kadhaa bila kuigusa simu. Nilipoigusa, alikuwa pale pale, na afya yake yote, anauliza. Skolastika, sitakudanganya, niliirudisha chini. Lakini angenyamaziwaje mtu anayekuamkia? Nikaitikia.

Mwaka uliofuata akaondoka mume wangu Sylvesta. Leokadia alitangulia kufa, kwa hiyo hajui. Kila asubuhi anamuulizia: Sylvesta wako yu hali gani? Nami najibu, yupo, anaota jua. Ningemjibu nini? Nimpe taarifa ya msiba na kesho aniulize tena? Yusta alikuwa akisikia anasonya. "Mama, unaamkiana na kaburi." Nikamwambia, "Na wewe unaamkiana na sufuria, nani amekuuliza?"

Sasa sikiliza kesi yenyewe. Betri ya simu ilivimba mpaka mgongo wa simu ukainuka. Ikazima asubuhi moja katikati ya salamu. Leokadia alikuwa amekwisha kuuliza, mimi nimevuta pumzi nijibu, kioo kikawa cheusi. Editha akaleta simu mpya, akahamisha kila kitu. Picha zimo, namba zimo, na sauti ya Leokadia imo, jina lake linaonekana kwa herufi kubwa. Ukilibonyeza linakataa. Linadai ile programu.

"Bibi, programu inabidi ichukuliwe tena kule dukani."

"Basi kaichukue. Tulikwisha kuinunua."

"Duka limefungwa."

"Mwenyewe amekufa?"

"Hajafa. Ameamua tu kufunga. Ni duka la mtandaoni, Bibi, halina mlango."

"Lisilo na mlango linafungwaje?"

Akaanza kupangusa kioo. Nikamwambia, jembe langu nililinunua Ngara kwa mtu ambaye duka lake leo ni saluni. Je, alipofunga alikuja kulichomoa shambani kwangu? Akasema jembe ni tofauti. "Bibi, pale hatukununua kitu. Tulinunua ruhusa ya kukitumia."

"Ruhusa ya kuamkiana na dada yangu? Yeye alipewa na nani hata akaiuza?"

Huyo ndiye msomi wetu. Alilia, nikamwambia alie baada ya kutafuta fundi. Tukaenda Biharamulo mjini. Fundi alihangaika, akasema sauti haijaharibika, iko nzima kabisa, ila imefungwa kwa namna ya ile programu na programu nyingine haziielewi. Simu ya zamani nayo haiwaki hata ukiipa betri nyingine. Akanirudishia akisema, "Pole, Bibi, yumo humo humo."

Neno hilo lilinifuata mpaka nyumbani. Yumo. Ningeambiwa amefutika ningelia tukamaliza, mara ya pili na ya mwisho. Lakini yumo, mzima, na ile programu ilifundishwa kungoja. Alikwisha kuuliza, akakatwa kabla sijajibu. Nikilala namwona amekaa uani Mugoma, mkono shavuni, ananitazama mdomo. Nikiamka najikuta kwenye kigoda. Simu naiweka mapajani. Nikiipeleka ndani nahisi nimemfungia mtu nje, nikiiacha nje nahisi vivyo hivyo. Deo alisema tuizike. Nilimtazama mpaka akaondoka na jembe lake.

Asubuhi moja nimekaa hivyo, nikasikia Leokadia anaanza. Maneno yake, na pale anapovuta jina la mama, akavuta. Nikaiangalia simu, kioo kimezima. Sauti inatoka jikoni, na "r" zake zote ni za Kisukuma.

Yusta akachungulia na mwiko mkononi. "Mama, itikia basi, uji unaungua."

Miaka yote anasonya, kumbe anameza! Kihangaza hakijui zaidi ya kuagiza chumvi, lakini upande wote wa Leokadia ameushika kichwani kwa kuusikia tu. Nikaitikia. Sauti yangu ilitoka kama ya mbuzi. Tukaenda nyumba ya mama, ng'ombe wa baba, watoto wangu mmoja mmoja, na mtoto wangu aliyefia mgongoni akaulizwa pia kama Leokadia alivyokuwa haachi kumuulizia. Tukafika mahali pa mume wangu. Yusta akaziba mdomo kwa kiganja.

Mke wa mwanao hatamki jina la baba mkwe. Nilimfunza mwenyewe alipoolewa, na nilimchapa maneno siku aliyosahau akamwita mtoto wa jirani Sylvesta. Nikamwambia, "Leo nakuruhusu. Taja."

"Hapana, mama."

"Mwenyewe hayupo, nani atakasirika?"

"Wewe utakasirika, mama. Leo hutakasirika, ila kesho."

"Basi ruka jina, endelea na yanayofuata."

"Siyajui. Hapo nilikuwa nachukua ndoo naondoka, nisije nikasikia jina lenyewe. Sijawahi kusikia mwisho hata siku moja."

Na mimi, Skolastika, siujui. Usishangae, nisikilize. Baada ya kunijibisha habari za Sylvesta, Leokadia alikuwa ananiuliza jambo moja tu, halafu tunamaliza. Pale ndipo sauti zetu zilipokuwa zinapandana, mimi naingia kabla hajatoka. Na tangu nibaki mjane, nikishadanganya kwamba Sylvesta anaota jua, masikio yanaziba. Jibu langu ninalo. Swali lake sina. Nimekaa nalitafuta mpaka kichwa kinauma.

Ndiyo maana nilikupigia kwa simu ya Editha. Nikakuuliza, wewe uliyekuwa unapukuchua maharage pembeni yake, wewe uliyemuuguza hata mwisho, Leokadia alikuwa ananiuliza nini pale mwishoni? Ukasema mtandao mbovu, hunisikii. Mtandao haukuwa mbovu. Nilisikia kuku wako, na nilisikia unavyohema. Kisha ukakata.

Usinidanganye mimi niliyekubeba. Ungekuwa hukumbuki ungesema hukumbuki, maana hujawahi kuonea aibu kusahau. Unalijua swali hilo na hutaki kulitamka. Siku ya mazishi ulisema sauti ya marehemu ifutwe, nikadhani ni ule ulokole wako mpya. Sasa nafikiri ulikuwa umesikia kitu uani pale. Wewe ni shemeji, jina la Sylvesta halikufungi mdomo. Kinachokufunga ni kingine. Sikuombi uimbe. Wokovu wako ubaki nao. Chukua kalamu, andika swali lile kama lilivyo, mpe huyo bodaboda amkabidhi katekista anaporudi. Usiongeze mahubiri. Ukiniletea mahubiri nitawashia jiko.

Nisalimie mkaza mwanao, mama wa wale mapacha, mwambie asiwanyoe mapema hivyo. Nisalimie mjukuu wako anayeuza vocha Ngara, na mwenyekiti wa jumuiya, na yule jirani wa upande wa kisima aliyekuja na wazazi wake kutoka Burundi, ambaye alinishika mkono kwenye msiba. Mtoto wa Leokadia umsalimie peke yake. Hii barua usimsomee.

Huku hatujaacha. Kila asubuhi Yusta anaanza, mimi naitikia, tunakwenda mpaka mahali pa mzee, naye anaziba mdomo. Halafu najisikia mwenyewe nasema lile jibu langu, siwezi kulizuia, linatoka kwa wakati wake kama vile nimeulizwa. Nasema, "Bado kidogo, dada."

Niandikie, Skolastika. Nijue ninachomwahidi marehemu kila asubuhi.

Ni mimi dada yako uliyebaki naye,
Perpetua