Maji Kwenye Difu

Baba Neema,

Gari lako bado lipo nyumbani. Naanza na hilo maana najua ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama tumekula.

Tulipotoka kukuzika Magu nilikuta pikapu imesimama uani, vilevile ulivyoiacha. Nikaiwasha niende mwaloni kuchukua dagaa. Difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, ikaanza kulia. Kulia kweli, mume wangu, mpaka watu njiani wanageuka. Nikawa naendesha hivyo hivyo, moyo mkononi, hadi habari zikamfikia mdogo wako Masanja. Jumamosi akaja, na mama yenu.

Shemeji hakukaa hata kitini. "Difu imekufa, shemeji. Nitalivuta mpaka Magu, nikaliuze chuma chakavu kabla halijaozea hapa." Mama akatazama gari, si mimi. Tangu msibani alikuwa hanisemeshi, ananipita kama mlango. Nami nikawaza dagaa wa kupeleka Magu, mchele wa kurudi nao, sare ya Neema. Gari likiondoka, tunashika nini?

Nikasema, "Nipe leo tu. Nabadilisha oili ya difu na ya giaboksi. Likiendelea kulia hivi, livute."

Akacheka. "Wewe?"

Mimi. Jumapili ngapi nimekaa kando ya miguu yako iliyotokeza chini ya gari, nakupa spana huku unaongea peke yako? "Fungua pa kujazia kwanza, Mama Neema. Ukishamwaga oili halafu pa kujazia pakagoma, gari limekufia uani." Nilidhani unaongea ili usisinzie. Kumbe nilikuwa nasikia.

Nikaweka mawe mbele ya magurudumu, nikapiga jeki, nikaingia chini. Nati ya kujazia ikagoma. Nikavisha mpini wa spana kipande cha bomba, nikavuta kwa uzito wangu wote. Spana ikateleza, vidole vikachubuka hadi damu. Nikasikia viatu vya shemeji vikija kusimama karibu na kichwa changu. "Utavunja nati bure." Machozi yalikuwa yananiingia masikioni, na sikutaka ayasikie kwenye sauti.

Nikavuta tena. Nati ikalegea kwa mlio, na papo hapo gari likasogea. Kidogo tu, lakini niliona jeki ikiinama.

"Esta! Toka! Toka!"

Alikuwa Mama. Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina langu. Nikajiburuza nje kwa mgongo, nikakaa kwenye vumbi. Mama akamgeukia Masanja. "Leta magogo! Kaka yako tumemzika juzi, unataka nizike na huyu, nawe umesimama tu?"

Shemeji akakimbia. Akaleta magogo mawili mazito kutoka kwa jirani, akayapanga mwenyewe chini ya ekseli, akatikisa gari kwa bega mpaka akaridhika. Kurudi chini kulinishinda kwa muda. Nilikaa nikiangalia lile giza chini ya gari, nikakuita kimoyomoyo. Hukuitika. Nikaingia.

Nilipofungua pa kumwagia, ikatoka oili ya rangi ya chai ya maziwa. Haikuwa nyeusi. Nikajua palepale: maji. Baba Neema, ile siku ya mafuriko, ulipopita kwenye maji yaliyofika mlangoni ukiwa umebeba vitanda na watoto wa majirani. Ulirudi umelowa, unacheka. Baada ya hapo presha ikakuangusha, na gari hakuna aliyelikumbuka. Nikafuta sumaku iliyo kwenye nati kwa kidole: tope laini la kijivu tu, hakuna vipande vya meno ya gia; difu ilikuwa haijafa. Nikamwonyesha shemeji. Akalisugua katikati ya vidole, akalitazama muda mrefu.

Kujaza kulihitaji mikono miwili zaidi. Mama akavua kitenge cha begani, akapanda kwenye bodi, akainua juu galoni ya oili mpya, mpira wa kuipitisha ukashuka hadi kwangu chini. Kila mkono wake ulipochoka nilisikia akiguna kwa Kisukuma, lakini hakushusha. Oili ilipoanza kufurika kwenye tundu nikapiga kelele, "Inatosha, Mama!" Tukamaliza na giaboksi vivyo hivyo.

Tukapanda watatu mbele, tukaanza kilima. Nilibadilisha gia nikisubiri ule mlio. Ukaja, lakini mdogo, kama mtu anayenung'unika ndani ya blanketi.

"Bado linalia," shemeji akasema.

"Na wewe ulilia ulipozaliwa," Mama akamjibu. "Hatukukuuza."

Nilicheka, Baba Neema. Mara ya kwanza tangu uondoke. Halafu nikashindwa kuona njia, nikaegesha pembeni, na Mama akanishika mkono wenye oili, akaushikilia hivyo hivyo, naye analia. Masanja akashuka, akasimama nje akitazama ziwa. Aliporudi alisema tu, "Shemeji, hiyo oili uimwage tena mapema. Maji hayaishi mara moja." Jumapili akapanda basi, akarudi Magu mikono mitupu. Mama amebaki. Analala chumba kimoja na Neema.

Sijapona. Asubuhi bado nachota maji yako ya kuoga, nayabeba mpaka nusu ya njia ndipo nakumbuka.

Lakini nakuahidi: oili hii nitaimwaga tena kabla ya mwezi kwisha, na sitaingia chini ya gari lililosimamia jeki peke yake. Mama yako hatakaa na njaa maadamu mimi nashika usukani. Pumzika sasa, mume wangu. Kesho alfajiri tunapakia dagaa, na njia ya Magu inapita karibu na kaburi lako. Ukisikia gari linanung'unika, usiogope. Ni mimi napita kukusalimu.

Mkeo,
Esta