Kompyuta Iliyogawiwa kwa Ukumbusho

Baba,

Kompyuta imewaka. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeruka salamu zote ukilitafuta. Iliwaka Jumamosi mchana, mezani pale sebuleni kwetu Kimumu, Mama akiwa ameshika kikombe cha chai na mdogo wangu Nafula akiwa amenishika mimi. Sasa nikueleze jinsi ilivyokuwa, maana mambo yalizunguka sana kabla ya kufika hapo.

Unaikumbuka ile katoni uliyoiweka chini ya kitanda. Mwaka mzima ulikuwa unaijaza kipande kimoja kimoja. Mama alikuwa akikuomba ununue tu kompyuta iliyoundwa tayari, Nafula aandikie kazi zake za chuo na yeye apige chapa nyimbo za kwaya, basi. Ulikataa katakata. "Mimi ni fundi wa saa," ulisema. "Siwezi weka kwa nyumba yangu kitu sijui ndani yake iko namna gani." Ukajifundisha kwa simu, umevaa miwani ya kusomea na kile kioo chako cha jicho kwa pamoja, mpaka ukaniudhi kwa kunieleza vitu nilivyodhani navijua kuliko wewe.

Kisha tukagombana juu ya power supply. Mimi nilitaka kasha la kioo lenye taa za rangi. Wewe ukachukua kasha jeusi la kawaida, ukaenda kutafuta kile chuma kizito cha kugawia vipande vingine umeme, tena kile bora kabisa dukani. "Stima ya Kimumu iko na wazimu," ulisema. Nikakujibu, "Baba, hiyo kitu haiongezi kasi hata kidogo. Umezeeka, unaogopa kila kitu." Uliendelea kufunga skrubu za motherboard, ule ubao mkuu wa kubeba vipande vyote, ndani ya kasha, polepole, kama sikuwepo. Siku nane baadaye presha ilikuangusha ukiwa kibandani, saa ya mteja ikiwa wazi mbele yako. Katika zile siku nane tuliongea kuhusu mboga, kuhusu maji, kuhusu viatu vya Nafula. Hilo moja hatukulirudia.

Tulikuzika Turbo, kando ya mama yako. Baada ya sisi kunyolewa nywele za msiba wazee wakakaa kugawa vitu vyako. Koti, viatu, mwavuli, redio, yote yalikwenda vizuri. Halafu Baba Mdogo Barasa akaileta ile katoni, maana alikuwa ameibeba kutoka kwetu Eldoret pamoja na nguo bila kuuliza mtu. Akaifungua mbele ya watu, akasema, "Hata hizi ni vitu vya ndugu yangu. Kila mtu apate ukumbusho."

Wakaigawa, Baba. Wakaigawa kompyuta kama nguo! Senje Rispa, dada yako, akapewa kasha na motherboard ikiwa ndani. Mzee Okello, yule fundi wa viatu uliyekaa naye ubavuni miaka yote, akapewa vipande viwili vya RAM, kumbukumbu ya mashine. Baba Mdogo mwenyewe akajichukulia prosesa kwa sababu ilikuwa ndogo na inang'aa. Na mimi, kifungua mimba, nikakabidhiwa kilichokuwa kizito kuliko vyote. Power supply. Wazee hawakujua lolote kuhusu ugomvi wetu. Diski ilibaki chini ya karatasi kwa kuwa hakuna aliyeiona, ikarudi nasi ndani ya katoni.

Ningeweza kusema. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, haoni kitu, na Nafula ni mdogo, lakini mimi niliona vizuri kabisa kinachofanyika. Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba mtoto hasemi pale wazee wanapogawa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekipakata kile chuma chako na niliona aibu kufungua mdomo.

Ukumbusho haurudishwi hivi hivi, unajua. Ukienda kuuomba, ni kama unamwambia mtu kwamba hakumpenda marehemu. Mwezi mzima nilizunguka na jambo hilo kichwani. Mwishowe Mama akasema wazi: kama haitakuwa imeungwa kufikia siku Nafula anarudi chuo, tununue ya mtumba, na vitu vyako vikae huko viliko. Nilikataa. Nikamwambia hiyo ya mtumba haitakuwa kompyuta yako. Mama akatazama ukuta wa sebule, zile saa zako tatu. Akasema, "Basi usiende mikono mitupu. Peleka hizo."

Nilianza na Senje kule Elgon View, katika chumba alichopewa na watu anaowafanyia kazi. Kasha lilikuwa kando ya kitanda, limefunikwa kitambaa cha kufuma, Biblia juu yake na chupa ya mafuta ya kujipaka. "Nasimiyu, hii ndio kitu naona ya kwanza nikiamka," aliniambia, na nikaona haya tena. Nikamwonyesha saa yenye picha ya jogoo. Aliishika muda mrefu, akasikiliza inavyotembea. Akakubali, ila akasema siku mashine ikiwaka nimpigie simu asikie. Nilipoifungua nyumbani nilikuta ndani kifungo cha blauzi na vumbi la unga, lakini motherboard ilikuwa nzima.

Mzee Okello alikuwa ametundika RAM kwenye kibanda chake kwa uzi wa viatu. Nikaanza kumweleza kazi ya vile vipande, akanikatiza, akiniita mtoto wake kwa Kijaluo. "Nyathina, nilijua ni ya mashine. Lakini ningekataa aje ukumbusho ya rafiki yangu mbele ya watu?" Alikata uzi kwa kisu chake, akavifuta kwa shati. Saa ya duara iko pale pale sasa, msumari ule ule. Kibanda chako amekodi dada mmoja wa kuuza vifuniko vya simu. Mzee anasema ni mtu mzuri, ila anaongea sana.

Kwa Baba Mdogo ndiko nilikotoka nikiwa karibu kulia. Prosesa alikuwa ameifunga kwenye leso, akaiweka mfukoni mwa koti la kanisa pamoja na funguo. Kila Jumapili aliitoa akawaonyesha watu: "Hii ni akili ya ndugu yangu." Sikuwa na moyo wa kumkasirikia, Baba. Alikuwa anajivunia. Alipokea saa ile kubwa ya mbao kwa mikono miwili na akanifungia mahindi ya kuchoma ya kula njiani. Lakini vile vijisindano vya chini ya prosesa, sita vilikuwa vimelala kabisa. Na unajua kimoja tu kikikatika, imekwisha, hakuna kuweka kingine.

Nikatoa vifaa vyako. Kioo cha jicho, kile kibano chembamba, wembe. Nilikaa dirishani Jumapili tatu mfululizo, mwangaza ukiwa mzuri, nyumba nzima imeambiwa isitembee. Nikawa nakumbuka nilipokuwa na miaka tisa, umenikalisha kibandani unanifundisha kushika gurudumu la saa ya kike. "Toa pumzi kwanza. Ikiisha, ndio uguse." Nikatoa pumzi. Nikagusa. Cha tano kilitoa mlio mdogo na nikadhani nimekivunja, nikaweka kibano chini nikaenda jikoni kusimama tu. Niliporudi kilikuwa kimesimama wima. Sijui nikuambie nini zaidi kuhusu Jumapili hizo, ila sikuwahi kukaa karibu nawe hivyo tangu nilipokuwa mtoto.

Skrini na kibodi nilinunua mwenyewe kwa mshahara wangu wa agrovet, pale dukani kwa mbegu na dawa za mifugo. Nilichagua polepole, ungefurahi.

Basi Jumamosi nikaunganisha kila kitu, na cha mwisho kikawa power supply. Nikampigia Senje simu na kuiweka mezani. Nikabonyeza. Feni ikazunguka, skrini ikawa nyeusi, halafu ikaleta maandishi meupe: mashine haijui saa wala tarehe, tafadhali ziwekwe. Nafula akashtuka akidhani imeharibika. Mimi nikacheka mpaka Senje akauliza kwenye simu kuna nini. Betri ya motherboard ilikuwa imekufa huko kwa Senje, ile bapa ya mviringo, na katika droo yako kulikuwa na pakiti nzima ya hizo hizo. Nikabadilisha.

Ikabaki kuweka saa. Sote tulitazama ukutani kwa mazoea, na ukutani kulikuwa na misumari mitatu. Mama alivua saa yako ya mkono, ambayo haijamtoka tangu siku ile ulipoanguka, akaiweka mbele ya kibodi.

Nane na kumi na saba. Nikaandika hivyo. Nafula akatazama simu yake, akasema, "Sista, hiyo si ukweli. Ni nane na kumi." Nilikuwa nimesahau, Baba. Dakika zako saba. Saa zote za nyumba hii ulizitanguliza dakika saba, tukakua tukifika shuleni kabla ya lango kufunguliwa, tukikulaumu kila asubuhi ya baridi. Nikatafuta mahali pa kuizuia mashine isijirekebishe saa yenyewe kwa mtandao, nikapazima. Mama akarudisha saa mkononi na kumalizia chai yake, ilikuwa imeshapoa.

Jumanne stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, ikapotea tena. Runinga ya majirani iliungua, harufu ya moshi ilifika hadi kwetu. Kompyuta yako ilizimika, nikaiwasha, ikawaka. Nafula alikuwa amepoteza sentensi moja tu.

Ulikuwa sawa kuhusu power supply. Na hukuwa mzee mwoga. Ulikuwa unatulinda, na mimi nilijua hata nilipokuwa nikisema yale maneno, ndiyo maana nilishindwa kurudi kuyafuta. Nisamehe. Nilikuwa na siku nane za kukuambia na sikukuambia.

Kila Desemba nitaifungua na kuitoa vumbi kwa brashi yako. Nafula nitamfundisha kutoa pumzi kwanza. Na ile saa ya pembeni ya skrini nimewaambia wote hakuna wa kuigusa. Wageni watasema inadanganya, nasi tutawaacha waseme.

Pumzika, Baba. Sisi huku bado tunafika mapema.

Binti yako,
Nasimiyu