Nimechagua Programu ya Kumwandikia Mama

Tlawi,
S.L.P. 117,
Mbulu.
8 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Lucia,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Tunduru. Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa, marahaba. Hujambo? Shemeji Eliakimu hajambo, na kazi ya zahanati inakwendaje? Binti yenu Mectilda bado anasumbuliwa na kifua? Sisi huku tu wazima, ila baridi ya mwaka huu imetuamulia. Ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi na magoti yangu yanaujua.

Nimechoka, Lucia. Nakuambia mapema ili ukiona mwandiko unapanda na kushuka usidhani naumwa. Nimeandika kwa kalamu kwa sababu ulijiondoa kwenye kundi la familia baada ya mazishi ya mama, na namba yako ya zamani haipatikani tena. Barua hii nampa mwalimu mwenzangu anayerudi kwao Tunduru likizo. Anasema zahanati yenu anaijua.

Kilichonichosha ni kompyuta. Usicheke. Jumamosi ya kwanza ya Agosti tunaweka msalaba kwenye kaburi la mama, na historia yake itasomwa upya. Kaka Vitalis, akiwa huko huko Mwanza, akaamua kwamba mimi mwalimu ndiye nichague programu ya kuandikia, iwe ya bure, na familia nzima iitumie tangu sasa. Kuchagua kanipa mimi, kushauri kabaki nako yeye. Kila siku ananitumia jina jipya.

Ile programu ya zamani, aliyoniwekea fundi mmoja wa mjini, imekata roho. Inafungua na kukuonyesha ulichoandika, lakini ukigusa herufi moja inakuambia muda umekwisha, ulipie. Kumbe ilikuwa nakala ya wizi. Nikajaribu ya kwenye simu. Hiyo ni bure kweli, ila kila baada ya mistari michache linaruka tangazo la kamari. Nimeandika "Ludovika alizaliwa", mara naambiwa nibashiri mechi nishinde gari. Nikaifuta kwa hasira.

Imebaki ile ya mtandaoni, ambayo Vitalis anaitetea kwa sababu kila mtu anaandika akiwa alipo. Lakini wewe unakijua kijiji chetu. Mtandao unapatikana ukisimama kwenye kona ya juu ya kanisa, na mimi siwezi kusimama pale na kompyuta mikononi kama mtu aliyefukuzwa kwake. Na hata ungepatikana jikoni kwangu, ile ya mtandaoni nisingeirudia. Kwa nini, ndicho kilichonifanya nikuandikie.

Ulichosikia siku ya mazishi nakijua, nilikuwa nimesimama pale. Sidhani kama kuna aliyekueleza kilivyotokea. Mama alipofariki niliandika historia yake, nikaandika watoto saba, wewe wa nne, kama ulivyozaliwa. Vitalis akaiweka mtandaoni, akatuma linki kwa ukoo mzima ili kila mtu aongeze anachokumbuka. Wakaingia wote. Akaingia na baba mkubwa Nicodemo kule Endasak, kwa simu aliyonunuliwa na Vitalis mwenyewe, akiandika kwa herufi kubwa tupu. Akafuta saba, akaandika SITA.

Sasa nani afute neno la baba mkubwa? Yeye ndiye aliyebaki mahali pa baba. Tulijua si sahihi, na kila mmoja wetu alikuwa na uwezo wa kubonyeza. Hakuna aliyebonyeza. Renatus, wa mwisho wetu, akafanya alivyolelewa. Akaandika chini ya mstari ule, humo humo ndani ya historia: "Shikamoo baba mkubwa. Naomba kusahihisha, Lucia naye ni mtoto wa mama. Asante." Baba mkubwa akajibu chini yake: "HILO TUTAZUNGUMZA NYUMBANI."

Asubuhi ikaprintiwa kwenye steshenari mjini, kijana wa watu akatoa alichokikuta. Ikapewa katekista Joakimu asome. Na Joakimu ni yule yule, ukimpa karatasi atasoma hata namba ya ukurasa. Akasoma shikamoo mbele ya kaburi, na baba mkubwa kutoka kwenye benchi akaitika, "Marahaba." Watu wakacheka msibani. Joakimu hakusita, akaendelea na ombi la Renatus, kisha na lile jibu, kwa sauti yake ya kusomea waraka wa askofu. Nilipogeuka kukutafuta upande wa akina mama, hukuwepo. Ulisafiri kutoka Tunduru mpaka Tlawi na hukutupa hata udongo.

Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Kwa hiyo nimeshachagua. Inaitwa LibreOffice, ni ya bure, inakaa ndani ya kompyuta na haiombi bando kila unapoifungua. Niliipakulia shuleni. Menyu zake zimenisumbua, na mwanzoni mistari ilikuwa inahama nikiifungua faili kwenye kompyuta nyingine, mpaka nikajifunza kuitoa kama PDF, ambayo haihami. Vitalis amenuna. Nimemwambia mtandaoni atume picha za wajukuu, historia ya mama itaandikwa na mkono mmoja, na mwenye neno atafuatwa kwake asomewe.

Wa kwanza kufuatwa alikuwa baba mkubwa. Nilibeba sukari, majani ya chai na karatasi zangu, nikapanda gari mpaka Dareda, nikaunga jingine mpaka Endasak, kisha bodaboda mpaka mlangoni kwake. Nilifika kiuno hakinyooki. Nikamwamkia, nikakaa, tukaongea mahindi na maharage mpaka chai ikaisha. Ndipo nikamsomea.

Nilipofika kwenye watoto saba, nikakutaja kwa jina, akanyanyua mkono.

"Huyo wa nne umemweka wewe?"

"Mama ndiye aliyemweka, baba. Mimi nimeandika tu."

Akasukuma kikombe pembeni, nikajua safari yangu ni ya bure. Kisha akaanza kusema, na nakuandikia kama alivyosema, sijaongeza sukari. Kwamba aliandika sita kwa sababu huyo wa nne aliolewa kusini bila wazee kukaa kikao, na hakurudi kumwambia yuko wapi. Hilo lilimuuma, nalo hakulificha. "Lakini niliandika tutazungumza nyumbani. Sikuandika hatutazungumza. Baada ya mazishi nilikaa nyumbani nangoja. Nani alikuja?"

Nikamwambia, baba, ulichekwa, naye Lucia akaona amechekwa yeye.

Akanitazama kama nimesema jambo la kitoto. Akaniuliza nadhani aliitika nini pale kaburini. Alikuwa amekuona ulipofika, umesimama na akina mama, umejifunga kanga ya bluu. Macho yake hayaoni vizuri mbali na masikio nayo ndiyo hivyo. Aliposikia "Shikamoo baba mkubwa", alijua ni wewe umesogea mbele kumwamkia. Akaitika. Kisha akaangaza kukutafuta ili akushike mkono, asikuone.

Lucia, sisi sote tulimcheka mzee aliyekuwa anakuitikia wewe.

Historia ameikubali na saba ni saba. Ameniomba nimwachie nakala, akaikunja akaiweka ndani ya Biblia. Msomaji sijamweka, ingawa Joakimu ameshaniuliza mara nyingi. Nataka usome wewe. Na kabla ya kusoma uanzie Endasak, wewe na shemeji, mkakae na mzee kwa hayo mazungumzo ya nyumbani.

Nisalimie sana shemeji Eliakimu, na Mectilda mwambie mama yake mkubwa wa kule kwenye baridi, maana sidhani kama ananikumbuka kwa jina, anamfumia sweta. Renatus anakusalimu, na anaomba radhi ingawa hakukosa. Vitalis naye anakusalimu, akimaliza kununa. Mungu awalinde njiani na awafikishe mkiwa wazima.

Njoo, mdogo wangu. Marahaba yako imekwishatolewa, imebaki shikamoo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikichoka,

Philomena